Alama ya Saba

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, kama saa kumi alasiri, nilifuta alama kumi na moja za chaki kwenye ukuta wa jiwe, na nilipomaliza nikaona nimefanya kazi safi. Nilikuwa napiga mluzi. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye watu walidai nilikusudia, na mtu aliyekusudia hapigi mluzi.

Naitwa Japhet. Ni mtu wa Tukuyu, ila naishi ugenini huku kusini, kitongoji cha Bluff, na kwa miaka kumi na tisa nimekula mkate wa kuning'inia. Naosha vioo vya maghorofa, napaka rangi matangi ya viwanda vya Mobeni, nabadilisha taa mahali ambapo ngazi haifiki. Siku za mapumziko napanda majabali, maana mwili uliozoea kamba haujui kukaa kwenye kochi. Sina haraka, na wenye haraka wananichosha. Nikikagua bolti kazini naichora mstari mmoja wa chaki, maana yake nimeiona. Nikishaiwekea uzito wangu wote ikanibeba, naichora mstari wa pili. Wenzangu kazini hunicheka kwa hilo, kisha hao hao hujifunga pale penye mistari miwili.

Marcelline nilimpata dirishani. Ni miaka minane sasa. Nilikuwa naosha vioo vya jengo moja katikati ya mji, na ghorofa ya tatu palikuwa na saluni ya Wakongomani. Msichana mmoja aliacha kichwa alichokuwa anasuka, akafungua dirisha, akaniuliza kama ule mkanda unauma kiunoni. Watu wote huniuliza kama naogopa. Yeye aliuliza habari ya mkanda. Nikamwambia unauma wiki ya kwanza tu.

Jumamosi yake alikuja Mobeni, kwenye ghala la zamani tulilogeuza ukumbi wa mazoezi ya kupanda, lenye kuta zilizojaa vishikio vya plastiki. Vidole vyake vilikuwa vimesuka nywele tangu ana miaka kumi huko Bukavu. Pale ninapotumia mkono mzima yeye alining'inia kwa vidole vitatu, akageuza shingo kunitazama kama anayesubiri kuambiwa kinachofuata. Nilimwonea wivu, sitaficha. Wivu ukaisha baada ya mwezi, nikabaki mshika kamba wake, yule wa chini anayemzuia akiteleza.

Mwaka wa pili alishinda mashindano ya jimbo. Mwaka wa tatu alishinda ya nchi nzima, kule Johannesburg, na vyombo vya habari vikamwandika. Akaalikwa Ulaya mara mbili, na mara mbili karatasi yake ya ukimbizi ikawa imeisha muda au iko njiani au iko mezani kwa mtu aliye likizo. Kwa hiyo akafanya kile kisichohitaji kuvuka mpaka. Alipanda ukuta wa nje wa ghala la nafaka lililoachwa. Alivuka korongo kwa kutembea juu ya ukanda mwembamba uliofungwa huku na huku. Kisha akaanza kupanda majabali bila kamba, mafupi kwanza, halafu yale ambayo ukiteleza hutaulizwa jina. Kampuni moja ya viatu ikamchukua, ikampa mshahara na picha yake ikabandikwa madukani. Ile saluni aliiacha, ila mke wangu, Atupele, aliendelea kusukwa naye bure, na maneno mengi juu.

Jabali tuliloliandaa mwaka huu liko juu ya Bonde la Vilima Elfu, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini. Lina mita arobaini na mbili. Mashimo ya bolti zake za kufungia kamba tuliyatoboa mimi na yeye, na kwa desturi yetu anayefika juu wa kwanza ndiye anayetoa jina. Akaliita Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, hulizoei hata mkikaa miaka, na ukilikosea adabu linakurudisha kwenu.

Mita thelathini za kwanza ni ngumu lakini hazina siri. Baada ya hapo jiwe linatokeza nje, ndipo tunapopaita kitambini, na kitambi chote kimejaa vikunjo vidogo vinavyofanana kama punje za mtama. Kati ya mamia hayo, kumi na moja tu ndivyo vinavyobeba ncha ya kiatu. Vingine vinakupa moyo nusu dakika, kisha vinakuachia. Ukishaingia kitambini huwezi kushuka kwa njia uliyopandia. Ni juu, au ni chini moja kwa moja.

Ndiyo maana ya alama. Katika wiki saba za mazoezi, Marcelline akiwa amefungwa kamba na mimi nimeishika chini, alikuwa amechora kistari cha chaki juu ya kila kikunjo cha kweli, kirefu kama njiti ya kiberiti. Kutoka chini hakionekani. Unakiona ukiwa umefika.

Sasa, sisi wapanda miamba tuna adabu zetu. Ukimaliza kupanda, unasafisha. Unapita na brashi, unafuta chaki yote, ili anayekuja alikute jiwe kama Mungu alivyoliacha na atafute njia yake kwa akili yake. Anayeacha alama ni sawa na mgeni anayekula akaacha sahani mezani. Hilo nimelifundisha watu wengi, na Marcelline nilimfundisha kwa kumgombeza.

Ijumaa hiyo alifanya zoezi la mwisho kabla ya kupanda bila kamba kesho yake, akapanda mara mbili bila kuteleza, akaondoka na Steve, mpiga picha kutoka Lubumbashi aliyekuwa anatengeneza filamu ya kampuni. Walikuwa wamekodi nyumba Morningside. Mimi nilibaki kutoa kamba zote ili kesho zisionekane kwenye picha. Nikashuka toka juu, brashi kiunoni, na kila nilipokutana na alama mkono wangu ukafanya ulichokifanya kwa miaka kumi na tisa. Nikahesabu kumi na moja. Nikapiga mluzi.

Nilikuwa nimesimama kwenye taa za Pinetown, nyuma ya lori la matofali, ndipo nikaelewa. Zile alama hazikuwa za kusafishwa. Zilikuwa za kesho. Taa zikawa kijani na watu wakanipigia honi, na mimi sikuondoka.

Jua lilikuwa linakwenda kuzama. Hata ningegeuza nisingeona kitu ukutani. Nikampigia Marcelline, na nilijua kabla sijapiga kwamba simu yake imezimwa. Siku ya mwisho kabla ya kupanda huwa hazungumzi na yeyote kwa simu. Nikafika nyumbani Bluff nikakaa ndani ya gari.

"Baba Lusajo," Atupele aliniita kutoka mlangoni, "hilo gari limekuwa sebule?"

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa na upawa mkononi. Yeye anajua jinsi nilivyompinga Marcelline tangu mwezi wa pili, jinsi nilivyosema mezani kwamba ukuta ule upandwe kwa kamba au usipandwe. Nikaona swali machoni pake.

"Sikukusudia," nikasema.

"Sijasema umekusudia. Lakini yeye atasema. Kwa hiyo nenda akuambie usoni, usingoje kesho."

Nilifika Morningside watu wakiwa wanakula chakula cha jioni. Marcelline alitoka nje akiwa na soksi, vidole vyake vimepakwa mafuta ya kulainisha ngozi. Anaponiita huniita Ya Japhet, yaani kaka mkubwa, na siku hiyo aliniita hivyo kabla sijafungua mdomo, kwa kuwa uso wangu ulishasema.

"Ya Japhet, nani amekufa?"

"Hakuna. Nimefuta alama."

"Zote?"

"Zote kumi na moja."

Nikangoja matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Badala yake akaanza kucheka, akaegemea ukuta akacheka mpaka Steve akatoka kuona kuna nini.

"Eish, Ya Japhet. Ni weye njo ulinifundisha kufuta. Siku moja ulinirudisha juu saa nzima juu ya kaalama kamoja." Akapangusa macho. "Bon. Haiko shida. Kesho asubui mapema utazirudisha."

"Rudisha mwenyewe. Ni miguu yako."

"Miye siwezi kuning'inia kwa mkanda saa nzima, kisha nipande bila kamba. Miguu itakuwa ganzi. Unajua." Alikuwa sahihi, nilijua. Na baada ya saa tatu asubuhi jua linapiga ukuta na vidole vinatoa jasho, kwa hiyo hakukuwa na muda wa mambo mawili. "Weye umenishikia kamba wiki saba. Unajua miguu yangu kuliko miye."

"Nikikosea?"

"Nitakuuliza kitu kimoja tu. Nitakuuliza uko na hakika ya ngapi. Ukisema kumi na moja, napanda. Ukisema kumi, nafunga kamba, Steve analia, tunarudi nyumbani kula."

"Steve hataki kulia," Steve akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, ambamo batu ni watu na "juu ya" ni kwa sababu ya. "Batu ya kampuni balitoka Cape Town juu ya hii. Kesho magaribi banarudia. Baliniambia, kama haiko bila kamba, hakuna film, na mkataba wa mwaka kesho hakuna."

"Umesikia," Marcelline akaniambia, kana kwamba tunazungumzia mvua. "Lakini ukisema kumi, nafunga kamba."

Hakuuliza hata mara moja kama nilikusudia. Njiani kurudi hilo liliniuma kuliko kama angeuliza.

Jumamosi, kulipopambazuka, nilikuwa juu ya Mama Mkwe. Nikafunga kamba zangu, nikashuka taratibu hadi kitambini, nikaanza kutafuta. Kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Brashi hutoa chaki, haitoi mpira wa kiatu. Kila kikunjo alichokikanyaga wiki saba kilikuwa kimebaki na doa jeusi, dogo, linaloonekana ukisogeza pua. Nikachora. Baada ya kuchora nikaweka ncha ya kiatu changu, nikahamishia uzito wangu wote pale, nikaona kimenibeba, nikaendelea na kingine. Nina kilo themanini na nne. Marcelline ana hamsini na mbili. Kilichonibeba mimi kitambeba yeye na mzigo wa kuni. Kile cha saba ndicho kidogo kuliko vyote na ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu mtu akiwa hapo mkono wa kushoto hauna kitu cha kushika. Nikakikanyaga mara tatu. Kilikuwa imara. Saa moja na dakika arobaini nikawa nimemaliza, zote kumi na moja, na nina hakika nazo kama ninavyolijua jina la mama yangu.

Kisha nikatazama chini. Sina ugonjwa wa kimo. Ningekuwa nao ningekufa njaa. Niliangalia chini kama ninavyoangalia kila siku, na chini alikuwepo Marcelline amekaa juu ya begi lake, anavaa viatu. Alikuwa na fulana ya njano. Alifunga kiatu cha kushoto, akasimama, akarukaruka kidogo kujaribu, akakaa akafunga cha kulia. Basi. Hakuna kingine nilichokiona. Lakini nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa ajili ya mwili wangu mwenyewe, ikabidi nipumzike kwenye mkanda kabla sijaweza kujivuta kwenda juu. Nilimpenda mtoto yule. Wangu wa kuzaa ni Lusajo, na nampenda, ila Lusajo ni fundi wa kompyuta, anakaa kwenye kiti.

Nikavuta kamba zangu, nikazunguka kwa njia ya nyuma, nikateremka hadi walipo. Steve alikuwa ameshaweka kamera tatu. Mama mmoja wa kampuni alikuwa pembeni na kikombe cha kahawa, anatabasamu kwa kila mtu.

Marcelline alipaka mikono chaki, akaja mbele yangu.

"Ya Japhet. Uko na hakika ya ngapi?"

Katika kazi yetu mtu anaruhusiwa kuwa mvivu, mbea, hata mlevi wa mwisho wa mwezi. Haruhusiwi kumwambia mwenzake kwamba kamba ni nzima ilhali si nzima. Nimewafukuza watu kazi kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa na uongo wa upande wa pili, wa kukiita kibovu kitu kizima, na kwa dakika ile nilidhani uongo wa upande huo hauna dhambi.

"Kumi," nikasema. "Ya saba sina hakika nayo."

Kisha akatikisa kichwa kukubali, akainama, akauchukua mkanda wake kwenye begi. Hakukunja uso wala hakubisha. Steve akaweka mikono kichwani.

"Vieux, mzee, jaribu tena kuangalia. Dakika kumi tu."

"Jua litafika," nikasema.

"Film na kamba, c'est quoi ça, ni nini hiyo? Batu ba—"

"Steve," Marcelline akasema, "alisema kumi."

Hilo lilitosha. Yule mama wa kampuni alielezwa, akaacha kutabasamu, akaenda kando kupiga simu. Marcelline akafunga fundo, nikalikagua, akakagua langu. Akasema anapanda tu kwa sababu ameshakuja na viatu ameshavaa. Mimi nilikuwa na furaha. Sitasema vinginevyo. Kamba ilikuwa mikononi mwangu na mwisho wake ulikuwa umefungwa kiunoni mwake, na sikutaka kitu kingine duniani.

Alipanda vizuri kuliko siku zote. Mita thelathini za kwanza alizipita kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani. Akaingia kitambini. Alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona mguu wake ukienda bila kusita. Alipofika ya sita akasimama. Alikuwa anaitazama ya saba. Alikaa pale muda mrefu sana kwa mtu aliyening'inia kwa vidole vya mkono mmoja, na nikakaza kamba nikidhani amechoka.

"Uko sawa?" nikaita.

Aliweka mguu juu ya ya saba, ukakaa, akapita. Nane, tisa, kumi, kumi na moja. Akafika juu, akakaa kwenye ukingo, hakuinua mkono kama anavyofanya kila mara. Akaniashiria nimshushe.

Alipogusa ardhi hakufungua fundo. Alisimama nikiwa bado nimeishika kamba yake, uso wake uko karibu na wangu, na alizungumza chini chini ili Steve asisikie.

"Ile ya saba iko na mistari miwili," akasema.

Nikashangaa anasema nini. Kisha nikaona mkono wangu mwenyewe asubuhi ile, chaki kati ya vidole, baada ya kila kikunjo kunibeba. Sikuwa nimeuamuru uchore mstari wa pili. Ulichora tu, kumi na moja zote, kama unavyochora kila bolti ya Mobeni. Nilikuwa nimesaini ushahidi kabla sijasema uongo.

"Zote ziko na mbili," akasema. "Uliweka kilo zako zote pale. Ulijua."

"Nilijua."

"Juu ya nini, Ya Japhet?"

"Sikutaka ufe."

Hakuwa amekasirika, na ningetoa mshahara wa mwezi ili akasirike.

"Miye pia sikutaka kufa," akasema. "Njo maana nilikuuliza weye."

Akafungua fundo. Akavua viatu, akavifunga kamba zake pamoja, akamwambia Steve yuko tayari kwenda. Mimi nilikunja kamba peke yangu, na niliikunja vibaya, ikabidi nianze upya.

Kampuni haikumpa mkataba mwingine. Marcelline hakumwambia yeyote kwa nini alifunga kamba siku ile. Ni mimi niliyemwambia Atupele, na Atupele ndiye aliyemwambia dada yake, na ndivyo watu walivyojua nusu yake na kuanza kusema nilifuta alama kwa makusudi. Niliwaacha waseme. Nilimpigia Marcelline mara nne. Alipokea zote, akanijulia hali, akawasalimu wa nyumbani, na kila nilipouliza tunapanda lini akasema tutaonana.

Mwezi wa nane alirudi kwa Mama Mkwe na mshika kamba mwingine, kijana wa Pietermaritzburg ambaye simjui. Alichora alama upya, akafanya mazoezi ya wiki tatu, kisha akapanda bila kamba, Steve akiwa na kamera moja tu ya kwake mwenyewe. Alitumia dakika kumi na tisa. Pale kwenye ya saba hakusimama kabisa. Niliona kwenye simu ya Atupele, jikoni, siku mbili baadaye, kama watu wengine wote.